Daftari la Baba

Maneno yaliyosemwa kwenye hitima, Mji wa Kale, Mombasa, Novemba 2021

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh wetu, wazee wetu, majirani, na nyinyi mama zetu mlioko upande wa pili wa pazia. Kisomo kimekwisha, dua imeombwa, na harufu ya pilau imeshatufikia sote. Naomba mnivumilie kidogo kabla masinia hayajatoka. Nina maneno yaliyotakiwa yasemwe mwaka jana, tarehe 3 Juni, siku tuliyomzika baba yetu, na hayakusemwa.

Ada yetu mnaijua. Maiti akishaswaliwa, kabla jeneza halijanyanyuliwa, mtoto mkubwa wa marehemu husimama akasema: kama yupo anayemdai baba yetu, deni hilo liko juu yetu sisi wanawe, aje tumlipe, na kama yupo aliyekosewa, tunamuombea msamaha. Tangu chuo cha Kurani tumefundishwa kwamba roho ya muumini hufungika na deni lake mpaka lilipwe. Mtoto mkubwa ni mimi. Siku ile nilisimama, nikageuka niseme, nikaona watu kumi na wanne. Wote ndugu zetu wa damu. Wale aliowashonea kanzu miaka arobaini, aliokaa nao barazani, aliokopa kwao na waliokopa kwake, hakuna hata mmoja. Ilikuwa wakati wa korona, amri ilikuwa watu kumi na watano mazikoni, na Mji wa Kale wetu ulikuwa umefungwa kwa vizuizi vya vyuma. Nikafunua kinywa, nikakifunga. Ningemwambia nani? Ami zangu? Tukanyanyua jeneza, tukaenda.

Kafyu imeondolewa mwezi uliopita, Mashujaa Dei, baada ya karibu miezi kumi na tisa. Ndiyo maana tumechelewa kuwaita. Leo mmejaa hapa mpaka ngazini, alhamdulillahi, kwa hivyo leo nitayasema. Lakini deni halielezeki bila ya kueleza mwaka ulioleta deni lenyewe.

Wengi wenu mnajua mimi ni mpishi, nimepikia watalii kaskazini huko miaka kumi na minane. Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya alitangazwa Machi 13, 2020. Jumatatu yake skuli zikafungwa. Tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimama, na hoteli bila ndege ni jumba tupu la vitanda. Tuliitwa jikoni sote, tukapewa barua za likizo bila malipo, kisha tukagawiwa mboga zilizobaki kwenye friji zisije zikaoza. Nilirudi nyumbani na kilo mbili za karoti na ile barua. Mke wangu ni mwalimu wa chekechea ya watu binafsi, na mshahara wake hutoka kwenye karo. Hakuna watoto, hakuna karo. Katika siku zisizotimia kumi na tano, mapato mawili ya nyumba yalikatika, na ndani ya nyumba hiyo tulikuwa watu kumi na mmoja, pamoja na ndugu yangu wa kike, mjamzito wa miezi saba, na mumewe ambaye alikuwa dereva wa wageni hao hao waliokuwa hawaji tena.

Aliyebaki na kazi ni mzee wa miaka sabini na moja na cherehani yake ya miguu.

Hata yeye, kazi gani? Mwezi kabla ya Ramadhani ndio uliokuwa mwezi wake. Mnakumbuka vipande vya vitambaa vilivyokuwa vikirundikana dirishani pake, kila kimoja na jina na vipimo. Mwaka ule hakuletewa hata kimoja. Harusi hakuna, Idi hakuna msikiti wa kwendea, nani atakata kanzu? Baba alikaa siku tatu anapangusa mashine ambayo haina vumbi.

Kisha likaja suala la barakoa. Serikali ilisema anayetoka bila barakoa faini yake ni mpaka shilingi elfu 20. Binti yangu alikuwa na moja, ya kununua. Baba akaiomba, akaichukua mpaka mlangoni penye mwangaza, akaifumua kwa wembe uzi mmoja mmoja, akaitandaza gotini na kuitazama kama mtu anayesoma barua. Akakata ruwaza kwenye boksi la majani ya chai. Mpira haukupatikana mjini, kwa hivyo alikata vikanda vya kitambaa hicho hicho, vinne kwa kila barakoa, vya kufunga kisogoni. Kitambaa chenyewe kilikuwa bafta, kile cheupe cha pamba. Alikwenda Biashara Street, kwa muuzaji aliyekuwa akimkopesha tangu sijaoa, akarudi na jora zima begani bila ya kutoa hata senti.

Aliuza shilingi thelathini. Mwenye kumi alitoa kumi. Asiyekuwa nayo alichukua, na Baba akaandika daftarini. Hilo daftari nitalirudia.

Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili. Sihitaji kuwaeleza nyinyi Ramadhani ya mtaa huu ilivyo: watu wakitoka tarawehe, taa, kaimati, viazi vya karai, watoto wanakimbia mpaka daku. Mwaka ule magharibi iliadhiniwa, ukafungua kwa tende, na ikifika saa moja kila mtu awe ndani. Nilikuwa nikichungulia dirishani usiku naona paka peke yao, wamekaa katikati ya njia. Na tarehe 6 Mei tukafungwa sisi wenyewe, sisi na Eastleigh ya Nairobi. Asiingie mtu wala asitoke. Nilisikia watu wa nje wakisema watu wa Mji wa Kale ni wabishi, hawataki kupimwa. Maneno yale yaliniuma na bado yananiuma. Watu walikuwa wanaogopa kuchukuliwa kwenda karantini na kuacha watoto bila mlezi, tena karantini siku zile ulikuwa ukidaiwa gharama zake. Hofu ya maskini ina hesabu ndani yake, na ubishi ni kitu kingine.

Lakini humo humo ndani ya kufungwa, Mola alitupa vitu ambavyo nisipovisema nitakuwa nimewaficha nusu ya mwaka.

Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka kumi na mitatu, amehifadhi juzuu tisa. Msikiti umefungwa, Baba hajakosa tarawehe ya jamaa tangu ujana wake. Usiku wa kwanza tukatandika mikeka sebuleni, tukamtazama Baba atangulie. Akarudi nyuma, akamshika mjukuu mabegani, akamweka mbele. Mtoto alitetemeka, niliiona kanzu yake inatikisika chini kwenye pindo. Akasoma. Kwenye rakaa ya tatu akapotea, akarudia aya mara mbili, na nyuma yake sauti ya babu yake ikatoka taratibu, neno moja tu, akalidaka akaendelea. Kufika kumi la kati alikuwa hapotei tena. Nimeswali na maimamu wakubwa wa mji huu, na baadhi yao mko hapa mtanisamehe, lakini tarawehe za mwaka ule ndizo ninazoziona nikifumba macho. Siku moja baada ya witri Baba alibaki mkekani, akaniambia kwa sauti ya chini, mtoto asisikie: "Nilidhani mwaka huu nimenyang'anywa Ramadhani."

Usiku wa mwezi ishirini na tano, ndugu yangu akashikwa na uchungu. Saa nane za usiku. Hospitali iko nje ya vizuizi. Tuliambiwa mwenye dharura huruhusiwa kupita, ila gari la kumbeba hatukuwa nalo, na aliyekuwa nalo hakuthubutu kulitoa gizani. Shemeji yangu alitoka kwa miguu na fulana ya ndani, mikono juu, mpaka nyumba ya nne, akamgongea mama mmoja aliyestaafu uuguzi. Mama huyo yumo humu upande wa pili wa pazia, ananisikia, na amenikataza nisimtaje jina. Alikuja na tochi, mkasi aliouchemsha jikoni kwetu, na glovu alizokuwa ameziweka, alisema, tangu siku aliyostaafu. Kabla ya adhana ya alfajiri alizaliwa mtoto wa kiume. Baba alitawadha upya, akamwadhinia sikio la kulia, akamkimia la kushoto. Na akina mama wakapiga vigelegele madirishani, nyumba kwa nyumba mpaka chini kule, kwa kuwa kuja hawawezi. Askari wa kizuizini walituuliza kesho yake kuna nini.

Mtoto ana jina la babu yake. Waliishi pamoja duniani siku kumi na sita.

Baba alikuwa na sukari na presha. Kliniki yake ilikuwa upande wa pili wa vyuma, na siku yake ya kwenda ilipofika alisema ataisubiri Idi ipite. Hakupimwa korona, wala sitawaambia leo kilichomuua ni hiki au kile, maana sikijui, na waliokuwa wakijua mno mitandaoni wakati ule walituumiza zaidi. Ninachokijua ni kwamba Jumatano alfajiri mama alimwamsha, hakuamka. Wiki ile ile vizuizi vikaondolewa.

Tulitafuta sanda. Siku za kawaida mtu hutoka mbio akarudi nayo baada ya robo saa. Siku ile nani atoke? Mama akasema: jora lipo. Tukalifungua lile jora la bafta la Biashara Street, tukakata nguo tatu kwa mkasi wake mwenyewe. Kilichobaki ni kipande cha kiasi hiki, kama leso ya mkononi. Mama anacho.

Kwa hivyo jamani, baba yetu alizikwa ndani ya kitambaa cha mkopo. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Dada yetu wa Muscat aliyaona mazishi kwenye simu. Shemeji aliinyanyua simu juu, mkono ukichoka anabadilisha. Uwanja wa ndege wa kule ulifungwa mwisho wa Machi, na haukufunguliwa mpaka Oktoba. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshaota nyasi. Na huyu ndiye aliyekuwa akitulisha kwa sehemu kubwa, yeye na ami yetu wa Lamu, ambaye alitambua kuwa M-Pesa ya shilingi elfu moja kushuka chini ilikuwa imeondolewa ada wakati ule, akawa anatuma elfu moja asubuhi, elfu moja jioni, na kila moja ina salamu zake.

Sasa daftari.

Tulilikuta kwenye droo ya cherehani, limefungwa kwa kanda ya kupimia. Wazee wenzake mnajua Baba hakuandika kwa herufi za skuli. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama babu zetu. Sisi wanawe, aibu yetu, hatukuweza kulisoma. Mwanangu anazijua herufi kwa ajili ya Kurani lakini Kiswahili chake kilimshinda, na mama anakijua Kiswahili kile lakini macho yake hayaoni tena karibu. Basi miezi ile ya kafyu, kila baada ya isha, walikaa pamoja. Mtoto anasoma sauti zilivyo, bibi anasema neno lililokusudiwa. Herufi moja pale inaweza kuwa *ba*, ikawa *pa*, ikawa *mba*. Usiku mmoja mtoto akasoma: "kwa baba, mia na hamsini." Wakanyamaza wote wawili. Baba yupi? Baba wa nani? Mama akawaza, kisha akaanza kucheka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu msiba, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Ilikuwa ni *pamba*. Pamba ya mto, shilingi mia na hamsini.

Binti yangu yeye alikuwa darasa la nane mwaka ule, anasubiri mtihani uliotakiwa Novemba ukafanywa Machi mwaka uliofuata. Alikuwa anasoma kwa redio na kwa simu moja ya watoto wanne. Ndiye aliyeandika kila kitu upya kwa herufi za kawaida, ukurasa kwa ukurasa, kwenye daftari lake la hesabu. Amepita, yuko sekondari. Nakala hiyo ndiyo hii niliyoishika.

Upande wa kulia ni waliokuwa wakidaiwa na Baba. Kurasa saba. Barakoa, viraka, kanzu za Idi ya 2018 na 2019. Wengine mko hapa na nawaona mnainamisha vichwa. Msiiname. Usiku wa mwezi ishirini na saba, Ramadhani ile, amepiga mstari mmoja mrefu kila ukurasa, na chini yake ameandika neno moja: *nimesamehe*. Mara saba. Sisi hatuna tulichokiongeza wala tunachoweza kukiondoa.

Upande wa kushoto ni waliokuwa wakimdai yeye. Majina kumi na moja. Tumechukua mwaka kuwalipa, maana na sisi kazi hazikurudi kwa mara moja. Mimi mwenyewe nimeitwa tena hotelini Disemba, nusu mshahara. Mwenye duka la kona, tumelipa. Fundi aliyeitengeneza mashine, tumemlipa mkewe, kwani naye ametangulia, Mola amrehemu. Muuzaji wa bafta nilimwendea mwenyewe na pesa za jora zima ndani ya bahasha. Akanihesabia palepale juu ya meza yake ya kupimia, akarudisha sehemu, akasema: "Ya barakoa nimepokea. Ya sanda sipokei." Nikamsihi. Nikamwambia Baba hatapumzika. Akasema kitambaa cha sanda amekitoa yeye sadaka, tangu alipopata habari za msiba, na sadaka haiuzwi. Mashahidi ni vijana wake wawili wa dukani. Nililia Biashara Street, mchana, watu wanapita.

Kuna madeni ambayo daftarini hayamo. Mama muuguzi hamo. Mvuvi aliyekuwa akitundika changu wawili kwenye kitasa cha mlango wetu alfajiri na kuondoka kabla hatujatoka, hamo, na mpaka leo hajakiri kuwa ni yeye, ila mkewe ametuambia. Jirani wa juu aliyetupa ufunguo wa dari yake watoto wetu wapate kuliona jua, hamo. Hao sijui nitawalipa kwa sarafu gani. Nimesimama mbele ya watu niwataje, na Mola anisaidie kwa lililobaki.

Majina kumi yamekatwa. Limebaki moja, na hilo ndilo lililonifanya niombe dakika hizi.

Mwajua maji ya mifereji ya mtaa huu. Tuliambiwa tunawe mikono kila saa, na mfereji ulikuwa unatoka siku moja kwa wiki. Tukategemea mikokoteni. Vyuma vilipowekwa, wengi wa wenye mikokoteni walibaki nje. Kulikuwa na mmoja aliyebakia ndani, sijui alilala wapi siku zote zile. Kijana mwembamba, mkokoteni wake una mbao moja ya kijani ubavuni, na alikuwa akipanda kilima kile huku akiimba kwa lugha ya kwao, nadhani ni wa bara. Aliwaletea maji Baba na mama mwezi mzima, anayapandisha mpaka ghorofa ya pili, na Baba akamwambia atamlipa Idi ikipita. Daftarini hana jina. Baba ameandika tu, *kijana wa maji*, kisha vistari vidogo vidogo, kila dumu kistari chake. Binti yangu amevihesabu mara tatu. Ni arobaini na moja. Dumu lilikuwa shilingi ishirini, kwa hivyo ni mia nane na ishirini.

Vyuma vilipotolewa aliondoka. Nimemuulizia Mwembe Tayari, nimemuulizia Kongowea, nimeuliza kwenye visima. Kuna aliyesema alirudi kwao, kuna aliyesema amemwona Likoni upande wa pili wa feri. Tafadhali, mwenye kumjua, au mwenye kumjua anayemjua, amwambie watoto wa fundi wa kanzu wanamtafuta. Pesa zake ziko ndani ya bahasha, kwenye droo ya cherehani, na nyumba haijahama.